Saa Inajua Nini? Kweli na Uongo Kuhusu Vifaa vya Afya vya Kuvaa

Jamaa walioko Mombasa, Dubai au Uingereza wakituma mzigo nyumbani, siku hizi huenda ndani yake mkawa na saa janja. Atavishwa mzee mwenye presha, au mama mwenye kisukari, na aliyeituma atatulia moyo: mzazi sasa anaangaliwa usiku na mchana. Ukishuka pwani ya kusini ya Somalia kutoka Kismayo, kwenye visiwa vya Koyama, Chovai na Chula hadi Kiamboni, daktari yuko ng'ambo ya maji, na maji yenyewe huchafuka miezi ya kusi. Mtu wa huko akikitumaini kifaa cha mkononi, anakitumaini kuliko mtu anayeishi mtaa mmoja na hospitali. Ndiyo maana maneno yanayozagaa kuhusu vifaa hivi yanafaa kuchunguzwa moja moja, bila kuyaonea haya yale yaliyo ya uongo.

"Saa inaona damu ikipita mwilini."

Kweli, ingawa "kuona" ni neno kubwa. Ukiigeuza saa uangalie mgongo wake, utakuta vitaa vya kijani vinamweka. Mwanga unaingia kwenye ngozi, damu inaumeza kiasi, na unaobaki unarudi kwenye kijicho cha kupokea. Moyo ukipiga, damu inajaa na mwanga unaorudi unapungua. Damu ikishuka, mwanga unaongezeka. Saa inahesabu kupanda na kushuka huko, na hayo ndiyo mapigo yako.

Kupima oksijeni kunahitaji taa mbili: nyekundu, na nyingine ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni nyingi na ile iliyopungukiwa hazizimezi taa hizo kwa kiwango kimoja. Aliyegundua namna ya kuisoma tofauti hiyo kwa kufuata mapigo ya damu ni mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa katika kampuni ya Nihon Kohden. Kile kibanio cha kidole ambacho dunia nzima ilikijua wakati wa korona kimetokana na kazi yake.

Lakini kifaa hakigusi damu. Kinapima mwanga, kisha kinakisia oksijeni kwa jedwali lililotengenezwa zamani kwa kuwapima watu fulani. Swali ni watu gani.

"Rangi ya ngozi haiathiri kitu. Namba ni namba."

Si kweli, na hili linatuhusu sisi kuliko wengi.

Desemba 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya kulinganisha namba ya kidoleni na kipimo cha damu iliyochotwa kwenye ateri ya mgonjwa huyohuyo. Waliwaangalia wagonjwa ambao kifaa kilisema oksijeni yao iko kati ya asilimia 92 na 96, yaani hali si mbaya. Miongoni mwa Weusi, asilimia 11.7 damu yao ilikuwa chini ya 88. Miongoni mwa Weupe walikuwa asilimia 3.6. Kifaa kiliwaambia Weusi kwamba wako salama, mara tatu zaidi ya kilivyowaambia Weupe, huku mwili ukikosa hewa. Melanini nayo humeza mwanga, na jedwali halikuizingatia ipasavyo.

Ilikuwaje? Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 ulitaka kifaa kijaribiwe kwa watu wasiopungua 10, na ulitosheka wawili wao wakiwa na ngozi nyeusi. Wawili! Januari 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, ilitoa rasimu mpya inayotaka watu wasiopungua 150, wa rangi mbalimbali za ngozi. Vifaa vilivyoko madukani Kismayo na Mombasa huenda vilitengenezwa kabla ya hapo, na vingi ni vya bei rahisi visivyopitia kwa mkaguzi yeyote.

Halafu kuna piko. Kwetu bibi harusi hupakwa hina na piko mpaka kwenye ncha za vidole, na mama aliyejifungua hupambwa akimaliza arobaini. Hina nyekundu kwa kawaida haileti shida kubwa, lakini rangi nyeusi huweza kukifanya kibanio kikatae kusoma au kitoe namba ya uongo. Muuguzi anayejua hili hutafuta kidole kisichopakwa, au hupima kwenye ndewe ya sikio. Vidole vyenye baridi navyo husumbua, maana damu haifiki vizuri. Mvuvi aliyetoka majini akaushwe na kupashwa joto kabla ya kuamini namba yoyote.

Hii si sababu ya kukitupa kibanio. Kinafaa sana mradi ukijue kilivyo. Mpime mtu angali mzima, siku kadhaa, uandike namba yake ya kawaida. Aliyezoea 98 akishuka hadi 93 ana jambo, hata kama kwenye karatasi 93 inaonekana si haba. Mtoto anayepumua kwa kasi na mbavu zikiingia ndani apelekwe, kibanio kiseme kitakavyo.

"Zipo saa na pete zinazopima sukari bila kutoboa."

Uongo mtupu, na ni uongo unaoweza kuua. Februari 2024 FDA ilionya waziwazi kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Saa za namna hiyo bado zinauzwa mitandaoni kwa bei ya kuvutia. Mgonjwa akichoma insulini kwa kufuata namba ya kubuniwa, sukari inaweza kushuka mpaka akapoteza fahamu, na gizani kisiwani nani atamzindua?

Kilicho cha kweli ni kihisi kinachobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Kina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi na kupima sukari katika majimaji yaliyo kati ya chembe za mwili. Majimaji hayo huifuata damu kwa kuchelewa dakika kadhaa, kwa hiyo sukari ikiwa inaporomoka kwa kasi, namba unayoiona ni ya muda uliopita. FreeStyle Libre, kinachojulikana sana kati ya vihisi hivi, kilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2014, na kimoja hukaa mkononi kama wiki mbili.

Watu wa kwetu huuliza kwanza kuhusu ibada, na ni haki yao. Mwongozo wa kisukari na Ramadhani uliotolewa na shirikisho la kimataifa la kisukari, IDF, pamoja na DAR, muungano wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani, unasema wazi kwamba kupima sukari hakubatilishi funga. Tena unataka mgonjwa afungue mara moja sukari ikishuka chini ya 70 kwa kipimo cha miligramu kwa desilita, au ikipanda juu ya 300. Kihisi kikiwa juu ya kiwiko, kimekaa nje ya mipaka ya udhu. Kuhusu josho, muulize shehe wako ukiwa umemwonyesha kifaa chenyewe, kwani wengi wao hawajawahi kukiona.

Bahari ndiyo inayoleta maswali magumu zaidi. Kihisi cha Libre kimetengenezwa kuvumilia maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Kinatosha kwa kuoga. Anayezamia kamba mawe atakipoteza, au atakibeba mkononi kikiwa kimekufa bila yeye kujua. Matoleo ya kusoma kwa kupitisha simu juu yake huhifadhi kumbukumbu ya saa 8 tu. Nahodha anayetoka magharibi na kurudi jua limepanda bila kukisoma hata mara moja atakuwa amepoteza saa za mwanzo za usiku wake. Vihisi vilivyo ndani ya boksi navyo vinatakiwa kuhifadhiwa kwenye joto lisilozidi lile lililoandikwa kwenye boksi, na sisi tuko jirani kabisa na mstari wa ikweta. Boksi lililosafiri juu ya lori na kukaa kwenye duka la mabati huenda limeshaharibika kabla halijafunguliwa.

Na likiisha boksi, lazima linunuliwe jingine, kila wiki mbili, maisha yote. Jamaa anayetuma afikirie hilo kabla ya kumzoesha mzazi. Kipimo cha kutoboa kidole, chenye vijiti vya kutosha na visivyopitwa na tarehe, kinamsaidia mgonjwa kuliko vihisi vya mwezi mmoja ambavyo havitanunuliwa tena.

"Saa itanionya kabla moyo haujashtuka."

Si kweli. Watengenezaji wenyewe wameandika kwamba saa zao haziwezi kutambua mshtuko wa moyo. Wasomaji wachache hufika kwenye maandishi hayo.

Saa nzuri inaweza kukisia aina moja ya hitilafu: vyumba vya juu vya moyo vinapotetemeka bila mpangilio, jambo linaloweza kuleta kiharusi. Utafiti mkubwa uliotolewa Novemba 2019 uliwafuatilia watu zaidi ya 419,000 waliovaa saa za Apple. Walioonywa walikuwa 2,161. Wakatumiwa kiraka cha kuvaa kifuani kwa siku kadhaa ili kuhakikisha, na kati ya 450 waliokirudisha kikasomeka, asilimia 34 ndio walioonekana na hitilafu hiyo. Nayo huja na kuondoka, kwa hiyo wengine huenda ilikuwa imetulia siku hizo. Hata hivyo, onyo la saa ni mwanzo wa uchunguzi, si hukumu.

Kufuatilia moyo wa mtu akiwa kwenye shughuli zake si jambo jipya. Norman Holter wa Montana alifanya hivyo miaka ya 1940, akiwa na mtambo wa kubeba mgongoni wenye uzito wa kilo zipatazo 38. Kilichobadilika ni uzito na bei. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho la baridi, yanakutaka uondoke sasa hivi, hata kama saa inaonyesha alama ya kijani.

"Saa inapima presha."

Inategemea. Mashine ya presha hubana mkono kwa mkanda wenye hewa, ndipo ikajua msukumo wa damu. Saa nyingi hazina mkanda huo. Zinakisia kutokana na mwanga, na zile za Samsung zinataka uzirekebishe kwa mashine ya kweli kila baada ya siku 28. Asiye na mashine hana cha kurekebishia, na mwenye mashine ameshapata alichohitaji. Saa za bei poa zinazotoa 120 kwa 80 kwa kila anayezivaa, kwa mzee na kijana, kwa aliyekaa na aliyetoka kukimbia, ni za kuchezea watoto.

"Lazima hatua 10,000 kwa siku."

Uongo, na historia yake inajulikana. Mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani ilitoa kihesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, mita ya hatua elfu kumi. Namba hiyo ilikuwa tangazo la biashara. Tafiti za karibuni zinaonyesha faida kubwa inapatikana kuanzia hatua elfu kadhaa, na sehemu kubwa ya faida hiyo imeshapatikana ukifika karibu na 7,000. Mvuvi aliyeshinda akivuta jarife na kupiga kasia ataambiwa na saa kwamba amekaa bure. Asihangaike.

"Imeandikwa mita 50, basi naweza kuzama nayo mita 50."

Si kweli. Maandishi hayo yanahusu jaribio la maabara, saa ikiwa imetulia, mpya, kwenye maji matamu. Mkono unaotikisika, chumvi na miaka ya matumizi hulegeza mpira unaozuia maji. Saa ikifa, hasara ni ya fedha.

Mwili ndio unaonitia wasiwasi. Kwenye kina cha mita 10 msukumo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Kwenye mita 30 ni mara nne. Anayepumua hewa ya mtungi au ya kompresa huko chini anajaza naitrojeni ndani ya damu, na akipanda haraka inatoka kwa mapovu, ikishambulia viungo na uti wa mgongo. Kuna kompyuta za mkononi za wapiga mbizi zinazohesabu kina na muda na kumwambia apande vipi. Saa ya kawaida ya afya haifanyi hivyo. Na anayezama kwa pumzi moja, kama wazee walivyofanya, anaweza kuzimia karibu na uso wa maji anapopanda, bila dalili ya kumtahadharisha. Hakuna kifaa cha mkononi kinachoweza kumshika. Mwenzake aliye juu, anayemtazama na kupokezana naye zamu, anaweza.

"Bila mtandao havifanyi kazi."

Si kweli. Vingi hupima na kuhifadhi vyenyewe, kisha hutuma vikikutana na simu. Kinachohitajika mara kwa mara ni chaji, na sola ndogo ya simu inatosha.

"Vipimo vyangu anaviona mwanangu peke yake."

Mara nyingi si kweli. Novemba 2017 kampuni ya Strava ilitoa ramani ya dunia ya njia walizokimbia wateja wake. Januari 2018 mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, akagundua kwamba ramani hiyo inachora kambi za kijeshi huko Syria na Afghanistan, kwa kuwa askari walikuwa wamevaa vihisi vyao wakifanya mazoezi. Kismayo ni mji wa kambi, wa vizuizi barabarani na wa watu wanaoogopa kujulikana wanalala wapi. Somalia ilipata sheria ya kulinda data mwaka 2023, lakini data ya saa yako huenda imehifadhiwa bara jingine kabisa. Ukimvisha mzazi saa, zima huduma ya mahali kwenye programu yake. Mapigo ya moyo hayahitaji ramani.

"Haya ni mambo ya Wazungu. Afrika inapokea tu."

Uongo, na nafurahi kuujibu. Uganda, wahandisi vijana wa Makerere, Brian Turyabagye na Olivia Koburongo, walibuni koti la kutambua nimonia, Mama-Ope, linalosikiliza kifua na kupima joto na kasi ya kupumua, kisha kutuma matokeo kwenye simu. Wazo lilitokana na bibi yake Koburongo, aliyezungushwa hospitali baada ya hospitali kabla ugonjwa wake haujajulikana. Mwaka 2017 walikuwa kwenye orodha fupi ya Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi. Mbarara, pia Uganda, akina mama waliotoka kwenye upasuaji wa kujifungua wamefungwa vihisi mkononi vinavyotuma hali zao kwa wahudumu. Nairobi, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, vihisi laini vya kubandika kwa watoto wachanga vimelinganishwa na mashine za kawaida, kwenye ngozi za watoto wetu. Jedwali lijalo litatokana na kazi za namna hiyo.

Lakini angalia zinakofanyika. Zote zinafanyika ndani ya hospitali au karibu nayo, mahali ambapo kuna muuguzi wa kusikia kengele.

"Kengele ikilia, nusu ya kazi imekwisha."

Si kweli, na hapa ndipo ningependa jamaa wa ng'ambo wasome taratibu.

Kipo kifaa kiitwacho CRADLE VSA, kilichoendelezwa na watafiti wa King's College London kwa ajili ya wajawazito wa mahali pasipo na daktari. Si cha kuvaa kutwa. Ni mashine ya presha ya mkono wa juu, inayochajiwa kwa chaja ya simu, bei yake dola zipatazo 20, na inawasha taa: kijani, manjano au nyekundu. Hata mhudumu asiyesoma namba anaelewa. Ilijaribiwa katika maeneo 10 ya nchi za kipato cha chini na cha kati, Uganda na Ethiopia zikiwemo, kwa wazazi zaidi ya nusu milioni, na matokeo yakatoka mwaka 2019. Kiwango cha vifo na madhara makubwa kilishuka kidogo, lakini walipoondoa upungufu uliokuwa ukiendelea wenyewe, hawakuweza kuthibitisha kwamba umeletwa na kifaa. Hicho ni kifaa kizuri, kilichobuniwa na watu makini. Taa nyekundu ikiwaka, bado mama anahitaji chombo, mafuta, nahodha, fedha, damu ya kuongezewa na dawa ya kuzuia kifafa cha mimba huko anakopelekwa.

Chukua Chovai mwezi wa Julai. Saa ya mama mjamzito imeonyesha mapigo ya kasi tangu alasiri, na mwanawe aliyeko London ameliona onyo kabla ya jirani. Anapiga simu. Nani atapokea? Nani ana boti yenye injini? Nahodha atakubali kutoka na kusi hiyo kabla ya alfajiri, na nani atamlipa? Mama atafikaje kutoka bandarini mpaka hospitali kuu ya Kismayo, na huko nani ameambiwa kwamba anakuja? Maswali hayo yanapaswa kuwa na majibu, yenye majina ya watu, kabla saa haijavaliwa. Familia inaweza kuyajibu kwa jioni moja ya kuzungumza na wazee wa kisiwa, mkunga na wenye vyombo, na gharama ya mafuta inaweza kuwekwa kwenye simu ya mtu mmoja anayeaminika.

Kwa hiyo ukiwa na dola 400 za saa, ulizia kwanza bei ya mashine ya presha ya mkono wa juu, kibanio cha kidole, kipimajoto na kipimo cha sukari chenye vijiti vyake. Vyote kwa pamoja vitabakisha fedha. Vikae kwa mkunga au kwa mwalimu wa kisiwa, vitumike na nyumba zote, na mtu huyo afundishwe namba chache tu: mjamzito mwenye 140 kwa 90 anayeumwa kichwa au kuona giza asafirishwe siku hiyohiyo, na mwenye 160 kwa 110 asisubiri hata dalili. Fedha zilizobaki zinunue mafuta ya boti.